Je, kodi ya kaboni ndiyo iliyohamisha kazi za Qantas?

Kila nchi ikianza kuzungumzia kodi ya kaboni, yaani kodi kwa kila tani ya hewa ukaa inayotolewa, mashirika ya ndege huwa ya kwanza kulia: nauli zitapaa, kazi zitakwenda nje, mafundi watabaki mtaani. Hakuna haja ya kubahatisha. Australia ilishajaribu, kuanzia tarehe 1 Julai 2012 hadi bunge lilipoifuta kodi hiyo Julai 2014, na hesabu zake zipo.

Dhana: kodi ya kaboni ilipeleka kazi za mafundi Asia

Hili ndilo linalorudiwa zaidi, na ni rahisi kuliamini kwa sababu mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Qantas, shirika kubwa la ndege la Australia, ilifunga karakana yake ya matengenezo makubwa ya Tullamarine, Melbourne, kisha ikafunga ya Avalon mwanzoni mwa 2014. Februari mwaka huohuo ikatangaza kupunguza wafanyakazi 5,000.

Tazama tarehe kwanza. Ugomvi wa Qantas na vyama vya wafanyakazi, ambao sehemu kubwa yake ilikuwa hofu ya kazi kupelekwa nje, ulifika kileleni tarehe 29 Oktoba 2011, pale mkurugenzi wake Alan Joyce aliposimamisha ndege zote za shirika. Sheria ya kodi ya kaboni ilipita Seneti siku 10 baadaye, na kodi yenyewe ikaanza kutozwa katikati ya mwaka uliofuata. Mshtakiwa hakuwa hata amefika eneo la tukio.

Halafu tazama kodi ilishika wapi. Ilikusanywa kama ushuru wa mafuta ya ndege: senti 5.98 zaidi kwa kila lita katika mwaka wa kwanza, kwa safari za ndani ya nchi tu. Ndege ya Sydney kwenda Melbourne inajaza mafuta Australia na kulipia hapohapo, iwe injini yake ilifunguliwa Melbourne au Singapore. Kwa hiyo ukipeleka matengenezo nje, hupunguzi hata senti moja ya kodi hiyo. Unachopunguza ni mishahara. Na miaka hiyo dola ya Australia ilikuwa imepanda hadi kuizidi ya Marekani, kiasi kwamba saa moja ya fundi wa Melbourne ilionekana ghali mno mbele ya mhasibu yeyote. Kuhusu Avalon kuna sababu nyingine ya wazi: kazi yake kubwa ilikuwa Boeing 747, na ndege hizo zilikuwa zinastaafishwa.

Dhana: kodi ilipandisha nauli hadi watu wakashindwa kusafiri

Tupige hesabu wenyewe. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za hewa ukaa. Ndege aina ya Boeing 737-800 ikiruka Sydney hadi Melbourne, kilomita 700 hivi, tuseme imetumia tani tatu za mafuta. Hiyo ni hewa ukaa tani tisa na nusu. Kodi ilikuwa dola 23 za Australia kwa tani ya hewa ukaa, kwa hiyo jumla inakuja dola 218 au zaidi kidogo. Wagawie abiria 130 waliomo: dola moja na senti 68 kila mmoja. Qantas yenyewe ilitangaza nyongeza ya dola 1.82 kwa safari fupi kabisa na 6.86 kwa zile ndefu. Bei ya kahawa uwanjani, basi.

Dhana: kodi ndiyo iliyoitia Qantas hasara

Kwa mwaka ulioishia Juni 2014 Qantas ilitangaza hasara ya dola bilioni 2.8. Ukiifungua hasara hiyo, dola bilioni 2.6 zilitokana na kushushwa kwa thamani ya ndege za safari za kimataifa kwenye vitabu vya hesabu. Safari za kimataifa hazikutozwa kodi ya kaboni hata kidogo. Mwaka uliotangulia kodi hiyo iligharimu shirika dola milioni 106, wakati mafuta yenyewe yalikuwa yakila zaidi ya bilioni 4.

Machi 2014 shirika lilitoa kauli kwamba matatizo yake makubwa hayahusiani na bei ya kaboni. Serikali ya Tony Abbott, waziri mkuu wa wakati huo, ilikuwa ikihubiri kinyume. Muda si mrefu Qantas ikageuza lugha na kuiita kodi hiyo mojawapo ya changamoto zake kubwa. Msomaji ajipimie.

Dhana: basi hakuna kodi ya usafiri wa anga inayohamisha biashara

Hapa wanaotetea kodi nao huteleza. Uholanzi ilianzisha kodi ya tiketi Julai 2008. Uwanja wa Weeze uko Ujerumani, hatua chache kutoka mpakani, na Waholanzi wakaanza kuendesha magari kwenda kupandia ndege huko na viwanja vingine vya jirani. Baada ya mwaka mmoja tu, kodi ikaondolewa. Biashara huhama pale abiria anapoweza kuvuka mpaka kwa gari, au ndege inapoweza kujaza mafuta ya ziada mahali pa bei nafuu. Ndiyo maana tangu 2025 Umoja wa Ulaya unadai mashirika yajaze viwanjani mwake angalau asilimia 90 ya mafuta wanayohitaji kwa safari zinazoanzia hapo. Sydney hakuna Weeze ya kukimbilia.

Dhana: kila kodi kwenye tiketi ni ya kaboni

Anayeruka kutoka London kwenda Nairobi kwa daraja la kawaida hulipa ushuru wa abiria wa Uingereza, uliokuwa pauni 90 kwa mwaka ulioanza Aprili 2025. Anayetoka Nairobi kwenda London halipi ushuru huo. Ushuru huo hutozwa kwa kichwa, kwa umbali na kwa daraja, si kwa kaboni. Ndege ikiruka nusu tupu, mafuta ni karibu yaleyale lakini serikali inapata nusu.

Dhana: kodi ikifutwa, nauli hushuka

Kodi ya Australia ilipofutwa, nauli za ndani hazikushuka. Qantas na mshindani wake Virgin walikuwa wamegombania abiria kwa kumwaga viti sokoni, na ile nyongeza ya dola mbili tatu ilikuwa imemezwa humo.