Mtaa wa Kale Hauna Enzi Moja

Kwenye pembe ya Brick Lane na Fournier Street, mashariki mwa London, kuna jengo la matofali ambalo ningependa kila anayeanza kazi ya uhifadhi wa miji akalitazame kwa utulivu. Lilijengwa mwaka 1743 kama kanisa la Wahuguenot, Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya kidini kwao. Mwaka 1819 likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likageuzwa sinagogi la Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya Mashariki, na tangu 1976 ni msikiti wa Waislamu ambao wengi wao asili yao ni Bangladesh. Juu ukutani bado ipo saa ya jua ya wale Wafaransa, ikiwa na mwaka 1743 na maneno mawili ya Kilatini, Umbra sumus: sisi ni kivuli.

Sasa aje mfadhili aseme, "Lirudisheni katika hali yake ya asili." Tulirudishe wapi? Kwa Wahuguenot? Basi tumewafuta Wayahudi na Wabangladeshi, ilhali ni wao waliolitumia na kulitunza jengo lisianguke.

Neno "asili" limebomoa mengi katika mitaa ya kale, na aghalabu waliolitumia walikuwa na nia njema. Huchaguliwa enzi moja inayopendeza, kisha kilichokuja baadaye huitwa uchafu. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale ambao hadi leo ni msingi wa kazi yetu, ulilikataa wazo hilo. Kifungu cha 11 kinataka mchango wenye thamani wa kila enzi uheshimiwe, kwa kuwa jengo kuwa na mtindo mmoja si lengo la ukarabati. Kinaruhusu tabaka la juu liondolewe ili la chini lionekane, lakini kwa nadra: kinachoondolewa kiwe na thamani ndogo, na kinachofichuliwa kiwe na thamani kubwa sana. Tena uamuzi huo usiachwe mikononi mwa msimamizi wa kazi peke yake. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inatubana sisi wataalamu.

Paris ilijifunza jambo hili kwa gharama. Sheria ya mwaka 1962, inayojulikana kwa jina la waziri André Malraux, iliuokoa mtaa wa Marais usibomolewe, na hilo ni jema lisilopingika. Lakini katika kuzisafisha nyua za makasri ya karne ya 17, karakana nyingi za mafundi zilizokuwa zimejengwa humo ziliondolewa. Makasri yakang'aa, mafundi wakahama, bei za nyumba zikapanda.

Kabla ya kuamua kibaki nini, usome ukuta. Mlango uliozibwa, tofali la kipimo tofauti, rangi 5 zilizopandiana kwenye fremu ya dirisha: hizo ni kurasa. Piga picha, pima, andika, ndipo nyundo iguse kitu. Wazee wa mtaa nao waulizwe mapema, maana ukuta hautakuambia chumba hiki kilikuwa cha nani.

Kuhusu ukuta wenyewe, niseme wazi: mharibifu mkubwa ninayemwona ni saruji. Nyumba nyingi za kale, ziwe za matofali au za mawe ya matumbawe kama zile za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilijengwa kwa chokaa. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi, kisha huzimwa kwa maji. Ikishapakwa, chokaa huvuta kaboni dioksidi kutoka hewani na polepole hurudi kuwa jiwe. Hata hivyo hubaki na vinyweleo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huingia ukutani na kutokea humo humo, ukuta ukapumua. Ukiupiga plasta ya saruji, umeuziba pumzi. Maji hupanda juu zaidi kutafuta njia, chumvi huganda nyuma ya plasta, na siku plasta inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Boriti nazo huoza kwenye ncha zilizozama ukutani, mahali ambapo hakuna anayeona. Mwashi mzuri huhakikisha mchanganyiko wa kuungia mawe ni laini kuliko mawe yenyewe, ili kikiliwa kitu, uliwe mchanganyiko. Huo hubadilishwa. Jiwe la miaka 200 halibadilishwi.

Tabaka la mwisho ni watu wanaoishi humo leo, nalo ndilo jepesi kuondoka. George Town, huko Malaysia, ina nyumba nyingi zenye duka chini na makazi juu. Kwa miaka mingi sheria ya kudhibiti kodi ya pango iliwawezesha familia za kipato kidogo kuendelea kukaa humo, ingawa pia iliwafanya wenye nyumba wasione faida ya kukarabati. Udhibiti ulipokoma mwanzoni mwa 2000, kodi zilipanda na wengi wakahama. Mji ulipoingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, sehemu ya waliokuwa wakiupa uhai ilikuwa imeshaondoka.

Bologna, nchini Italia, ilijaribu njia nyingine mwaka 1973. Manispaa ilichukua fedha za makazi ya umma, ambazo kwa kawaida zilijenga nyumba mpya pembezoni mwa mji, ikazielekeza kukarabati nyumba za kale za katikati, huku ikilenga wapangaji warudi kwenye mitaa yao kwa kodi wanayoimudu. Mpango haukutimia wote. Lakini hesabu zake zilianza na swali ambalo ningetaka liwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mpango wa uhifadhi unaoletwa mezani kwetu: nani analala katika nyumba hii usiku wa leo, na kazi ikiisha atalala wapi?