Dunia Pepe na Maisha Yetu ya Kila Siku: Faida, Hasara na Mambo ya Kuangalia

Dunia pepe ni mahali palipotengenezwa kwa kompyuta ambapo watu wengi huingia kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwakilishwa na umbo alilojichagulia, wakazungumza, wakajenga, wakanunua, wakagombana na kupatana. Si jambo la jana wala la juzi. Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza kutengeneza dunia ya namna hiyo iliyokuwa maandishi matupu, bila picha hata moja. Mwaka 2003 ikaja Second Life, iliyokuwa na sarafu yake na viwanja vya kuuzwa, na leo Minecraft, Roblox na Fortnite zinachezwa kwenye simujanja ya kawaida. Mzazi wa Temeke au Kisumu anayedhani kwamba mambo haya yanahitaji miwani ya bei kubwa, kwa hiyo hayajamfikia, huenda mwanawe ameshayaingia kwa simu ya mama na bando la baba.

Katika dunia hizi kilicho pepe ni majengo, mavazi na silaha. Muda, fedha, urafiki na taarifa ambazo mtu huingia nazo ni vya kweli, na kwa maoni yangu faida au hasara ipimwe kwa yale yanayobaki katika maisha ya mtu baada ya simu kuzimwa.

Mfano wa faida ulio karibu nasi uko Nairobi. Mwaka 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo makao yake makuu yako jijini humo, lilishirikiana na Mojang, kampuni ya Sweden iliyotengeneza Minecraft, na uwanja wa michezo wa Silanga ulioko Kibera ukawa miongoni mwa maeneo ya kwanza ya majaribio. Minecraft ni mchezo wa kujenga kwa vipande vya mchemraba, na wakazi, hasa vijana, waliutumia kuonyesha namna walivyotaka uwanja wao uwe kabla haujaguswa na jembe. Ramani ya mhandisi huwanyamazisha watu wengi kwa sababu wachache ndio wanaojua kuisoma, na hivyo mkutano wa wananchi huishia kuwa mahali pa kupiga makofi. Lakini mtu anayeweza kutembea ndani ya uwanja ambao haujajengwa bado anaweza kusema kwamba njia hii itapita penye maji, au kwamba hapa giza litawazuia wasichana kucheza jioni, na akaondoa au kuongeza kipande palepale mbele ya wenzake. Utaratibu huo umetumika baadaye katika miji ya nchi nyingi. Huo ndio mfano ninaopenda kuwapa wenzangu wanaodhani kwamba gemu ni upotevu wa muda tu, kwa sababu hapo mchezo umeacha kitu ardhini.

Hospitalini nako kuna faida isiyo na ubishi mwingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, wakiongozwa na Hunter Hoffman na David Patterson, walitengeneza dunia ya theluji ambayo mgonjwa aliyeungua moto huiona kwa miwani maalumu na kurusha madonge ya theluji wakati wauguzi wakisafisha vidonda vyake. Maumivu yanahitaji kusikilizwa na ubongo, na ubongo ulioshughulishwa mahali pengine huyasikiliza kidogo zaidi, ndiyo maana wagonjwa waliopewa miwani hiyo pamoja na dawa zao walieleza kuumia kidogo kuliko walipopewa dawa peke yake.

Kuhusu urafiki, habari za Mats Steen wa Norway zinafaa kutafakariwa. Kijana huyo aliugua maradhi ya Duchenne, yanayodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka, akafariki dunia mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 25. Wazazi wake waliamini kwamba alikuwa mpweke, kwa kuwa walimwona akitumia sehemu kubwa ya siku katika mchezo wa World of Warcraft. Baba yake alipotangaza msiba kwenye blogu ya marehemu, zikaanza kuingia salamu za rambirambi kutoka kwa watu wa nchi mbalimbali waliomfahamu kwa jina la Ibelin, na baadhi yao wakasafiri kwenda kumzika. Kwa kijana huyo, kuhesabu saa peke yake kungetoa hukumu isiyo ya haki.

Nayasema haya kwa sababu tunapokutana na wazazi na walimu, swali la kwanza huwa ni saa ngapi kwa siku. Saa zina maana, hasa kwa mtoto asiyelala vya kutosha, lakini Shirika la Afya Duniani limetumia vigezo vingine. Katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, tatizo la uraibu wa gemu linatambuliwa kwa dalili tatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulizwa mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea kucheza hata madhara yanapoonekana. Hali hiyo iwe imeathiri familia, masomo au kazi yake, na kwa kawaida iwe imedumu kwa angalau miezi 12. Wanaofikia kiwango hicho ni sehemu ndogo ya wachezaji. Mtoto anayekasirika anaponyang'anywa simu hajawa mgonjwa kwa sababu hiyo tu.

Hasara inayozifikia familia nyingi zaidi ni ya fedha, na hii imepangwa kwa ustadi. Duka la ndani ya mchezo haliuzi kwa shilingi wala dola, bali kwa sarafu ya mchezo wenyewe, ambayo hununuliwa kwa mafungu, na mafungu hayo mara nyingi hayalingani na bei ya kitu kinachotakiwa, kwa hiyo hubaki salio dogo linalomvuta mchezaji kununua tena. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, wenye Fortnite, watalipa dola milioni 520 kwa mashauri mawili. Dola milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wateja, baada ya tume kudai kwamba mpangilio wa vitufe uliwafanya wachezaji wanunue bila kukusudia, na kwamba watoto waliweza kutumia fedha bila idhini ya wazazi. Zilizosalia zilihusu faragha ya watoto, ikiwemo hoja kwamba mazungumzo ya sauti na maandishi na watu wasiowajua yalikuwa yamewashwa tangu mwanzo.

Wapo pia wanaoahidi kwamba mchezaji ndiye atakayelipwa. Mwaka 2021 maelfu ya watu nchini Ufilipino walicheza Axie Infinity, mchezo wa mtandaoni unaowalipa wachezaji kwa sarafu za kidijitali, kama ajira, baadhi yao wakikodishwa wanyama wa mchezo na matajiri na kugawana nao mapato. Thamani ya sarafu hizo ilitegemea kuendelea kuingia kwa wachezaji wapya; walipopungua, bei ikaporomoka, na Machi 2022 wadukuzi wakaiba mali ya kidijitali yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600 katika mtandao unaoutegemeza mchezo huo. Anayetumiwa tangazo la cheza upate fedha kwenye WhatsApp aulize kwanza fedha ya kumlipa inatoka mfukoni mwa nani.

Taarifa binafsi nitazigusia kwa ufupi, kwa kuwa miwani ya uhalisia pepe bado ni michache kwetu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba mwendo wa kichwa na mikono unaonaswa na vifaa hivyo kwa sekunde 100 unatosha kumtambua mchezaji mmoja kati ya zaidi ya 50,000, kwa usahihi unaopita asilimia 90. Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, nasi watumiaji tuna haki ya kuuliza taarifa zetu zinatumikaje.

Hatari kubwa kwa mtoto ni mtu asiyemjua anayeanza kwa ukarimu. Humpa zawadi ndani ya mchezo, humsifu, kisha humwomba wahamie kwenye programu nyingine ambako hakuna vichujio vya kuzuia ujumbe mbaya, na huko ndiko huombwa siri, halafu picha, halafu vitisho vikafuata. Mzazi afungue mipangilio ya akaunti pamoja na mtoto, azuie mazungumzo na wageni, aweke namba ya siri kwenye manunuzi, na mara mojamoja aombe aonyeshwe alichojenga. Ikitokea mtoto ameshatumiwa vitisho, asipigwe wala asinyang'anywe simu kama adhabu, maana safari nyingine atanyamaza. Mazungumzo yasifutwe, yapigwe picha ya skrini pamoja na jina la akaunti ya mhusika, polisi waarifiwe, na kwa ushauri zaidi, Tanzania na Kenya zote zina namba ya huduma kwa mtoto, 116, ambayo hupigwa bila malipo.