Je, Wajua Kwa Nini Dereva wa Mbio za Udongo Hukata Usukani Kulia Huku Kona Ikipinda Kushoto?

Magari ya daraja la Late Model huko Marekani hushindana kwenye viwanja vya udongo vyenye umbo la yai, na huzunguka kwa kupinda kushoto tu. Mtazame dereva akiingia kona pale Eldora, Ohio, uwanja wa nusu maili uliofunguliwa 1954: magurudumu ya mbele yametazama kulia, na lile la kushoto wakati mwingine limening'inia hewani. Gari halijamshinda. Limeundwa liende hivyo.

Siri inaanzia nyuma. Ekseli haina difu ya kugawa mwendo, kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma huzunguka sawasawa, na gari la hivyo kwa kawaida hugoma kupinda. Dawa yake ni kufunga tairi kubwa kulia na dogo kushoto. Fundi hupima mzingo wa kila tairi kwa futikamba, na tofauti huwa ya sentimita kadhaa. Bingirisha bilauri yenye mdomo mpana mezani uone inavyojipinda yenyewe. Ekseli nayo hufanya vivyo hivyo. (Dereva wa Safari Rally hawezi kutumia ujanja huu, maana Naivasha kona ziko pande zote.)

Kisha kuna vyuma vinavyounganisha ekseli na fremu. Vimefungwa kwa mshazari, hivyo dereva akikanyaga mafuta, vile vya kushoto huinua bodi upande huo na kusogeza gurudumu la nyuma kushoto mbele kidogo. Ekseli inakaa upogo, matako ya gari yanatoka nje, pua inaelekea ndani ya kona. Hapo ndipo usukani unakatwa kulia, la sivyo gari litageuka na kutazama lilikotoka. Kuanzia hapo mguu ndio unaoongoza zaidi: ongeza mafuta, nyuma inatoka, punguza, inarudi.

Faida yake ni nini? Tairi linaloteleza kiubavu hulima udongo na kuurundika pembeni yake, na rundo hilo hulishikilia. Tena pua ikiwa imeelekea ndani, nguvu ya injini husaidia kulivuta gari ndani ya kona. Ila kuna mpaka. Likikaa upande kupita kiasi, mwendo hufa na tairi la nyuma kulia huchemka hadi mpira ukatoka malengelenge. Likikosa kukaa upande, linanyoosha kuelekea ukutani.

Kinachowasumbua madereva na mafundi zaidi ni uwanja wenyewe, kwa sababu haubaki vile vile usiku kucha. Mapema udongo wa mfinyanzi bado una maji na unashika. Baadaye hukauka, ukang'aa na kuteleza. Mafundi hukata mifereji kwenye tairi kwa kisu cha moto ili zipate kingo za kuuma, lakini wakizidisha, tairi huisha kabla mbio hazijaisha. Katika World 100, mbio za mizunguko 100 hapo Eldora ambazo dereva Billy Moyer amezishinda mara 6, kosa hilo halina msamaha.

Madereva wengine hukimbilia juu, karibu na ukuta, ambako udongo uliorushwa na tairi umejenga tuta. Dereva huegemeza tairi la nyuma kulia kwenye tuta hilo na kukanyaga mafuta bila woga. Tairi likilipanda tuta badala ya kuliegemea, kilichobaki mbele yake ni ukuta wa zege.