Je, wajua? Kwa nini tundu moja la pua huziba ukiwa mzima

Muuguzi anayekagua pua huanza na jambo jepesi: funga mdomo, bana tundu moja kwa kidole, vuta pumzi kwa jingine, kisha ugeuze. Siku niliyojijaribu mwenyewe, kulia hewa ilipita vizuri, kushoto ikasuasua. Nikajihukumu: ama mafua yananijia, ama ukuta wa kati wa pua umepinda. Saa chache baadaye nikarudia. Kushoto kweupe, kulia ndiko kumebana! Ukuta uliopinda hauhami upande ndani ya siku moja.

Wala si kamasi. Wengi wetu, mimi nikiwa wa kwanza, tunaamini pua ikiziba ni kwamba imejaa, basi tunapenga mpaka masikio yanavuma, na hakitoki kitu. Hakitoki kwa sababu hakimo. Kilichoziba njia ni nyama ya pua yenyewe, imetuna kwa damu.

Kila upande wa pua una vibao vya mfupa vilivyojikunja, kwa kawaida vitatu, vimevikwa utando wenye mishipa tele ya damu. Chukulia bomba lililotandikwa sponji kwa ndani. Sponji ikinywea, hewa inapita. Ikilowa, inavimba na kuacha mwanya tu. Bomba halikupinda, wala halina taka. Sasa yaweke mawili sambamba, chini ya fundi mmoja: akijaza huku, anakamua kule. Fundi huyo ni neva zinazojiendesha bila kungoja amri yako. Zamu hubadilika baada ya saa kadhaa, na kwa kuwa jumla ya hewa haipungui sana, mwenye pua hana habari. (Nyama ya aina hii, inayotuna kwa damu, iko pia kwenye uume. Mwili hauoni haya kurudia ufundi wake.)

Daktari Mjerumani Richard Kayser alizieleza zamu hizi mwaka 1895. Faida yake bado inabishaniwa. Huenda upande uliopumzika hupata nafasi ya kurudisha unyevu. Tena si kila mtu hupokezana kwa mpangilio, na ukilala ubavu, tundu la chini huelekea kuziba, zamu au si zamu.

Kwa hiyo muuguzi akikuta upande mmoja mzito, haandiki ugonjwa papo hapo. Huuliza: ni upande uleule siku zote? Kuna damu? Na akiletewa mtoto mdogo anayetoa kamasi yenye harufu kwa tundu moja tu, hushika tochi, maana huenda humo ndani mna shanga.