Mchezaji wa NFL: yanayosemwa na yalivyo

"Ukishasaini NFL, umeukata."

Huu ndio uongo unaoongoza kuhusu NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Magazeti yakiandika mkataba wa dola milioni 40, tunaupokea kama wa soka la Ulaya, ambako klabu ikikuchoka bado inadaiwa mshahara wako hadi siku ya mwisho. Kwenye futiboli ya Kimarekani, sehemu kubwa ya fedha inayotangazwa mara nyingi haina dhamana. Timu ikikuacha leo, miaka iliyobaki inafutika pamoja na mshahara wake. Ndiyo maana wakala mjanja hababaiki na jumla ya mkataba. Anapigania kiasi kilichodhaminiwa.

Angalia Agosti. Timu zote 32 huwa kambini na wachezaji hadi 90 kila moja, na kabla ya msimu kuanza lazima wabaki 53. Siku za mchujo, mfanyakazi wa klabu humfuata mchezaji kimyakimya: kocha anakuita, njoo na kitabu cha mbinu. Siku hizi kitabu chenyewe ni kishikwambi, lakini hakuna anayeuliza anaitiwa nini. Baadhi ya walioachwa huokotwa na kuwekwa kikosi cha mazoezi, ambako wanalipwa kwa wiki na wanaweza kuachwa wiki yoyote. Chama cha wachezaji kimekuwa kikisema mchezaji hudumu kwa wastani wa miaka mitatu na ushee. Ligi inabisha, inasema anayeingia kikosi cha msimu wake wa kwanza hukaa kama sita. Haya, tuchukue hesabu ya ligi: kijana aliyeanza na miaka 22 anastaafu kabla ya 30. Na asiyefikisha misimu mitatu, pensheni ya ligi haimhusu.

"Mechi moja kwa wiki, siku sita amelala."

Jumatatu ni video: kosa lako la mechi ya jana linarudishwa na kurudishwa mbele ya wenzako. Jumatano hadi Ijumaa ni vikao na mazoezi. Usiku wa kuamkia mechi timu nyingi hulala hotelini hata zikiwa nyumbani. Mapumziko ni Jumanne, na mwenye maumivu huimalizia kwa daktari.

"Misuli tu, kichwani hamna kitu."

Alan Page wa Minnesota Vikings, mchezaji bora wa ligi mwaka 1971, alisomea sheria huku akicheza, na kuanzia 1993 hadi 2015 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo la Minnesota. Laurent Duvernay-Tardif alitwaa Super Bowl, fainali ya NFL, na Kansas City Chiefs Februari 2020 akiwa tayari daktari. Korona ilipopamba moto aliacha msimu uliofuata, akaenda kuhudumia wazee Quebec.

"Hayo ni ya Wamarekani, sisi hatumo."

Tumo, ingawa kwa kuhesabika. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huu, na Desemba akaingia uwanjani. Mathias Kiwanuka ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa enzi za Amin. Novemba 2006, akiwa msimu wake wa kwanza na New York Giants, alimkumbatia Vince Young, mrusha mpira wa wapinzani Tennessee Titans, ili kumwangusha, kisha akamwachia kabla ya filimbi. Young akachomoka mbio, na uongozi wa Giants wa 21-0 ukaishia kipigo cha 24-21. Giants hawakumtupa. Februari 2012 alishinda nao Super Bowl, tena Indianapolis, mji aliozaliwa.