Tajiri wa kwenye hadithi hana jamaa

Kazi yangu ni mirathi. Mtu akifariki hapa Unguja akaacha mali, watoto wake huja na hati za nyumba, vitabu vya benki na maneno mengi, nikakaa nao tukatengeneza orodha ya warithi na ya madeni kabla ya kufika kwa Kadhi. Kwa hivyo maisha ya ndani ya familia zenye nacho nayajua kwa upande wa makaratasi na kwa upande wa ukumbini, maana karatasi nyingi hutiwa saini ukumbini, baina ya sinia la kahawa na watu kumi wanaosikiliza.

Usiku nasoma hadithi za mashabiki. Mnazijua. Mtu anachukua wahusika wa tamthilia ya Kituruki au ya Kikorea iliyotiwa sauti ya Kiswahili, anawapa majina ya kwetu na jumba Mbweni au Mazizini, kisha anawaandika upya sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp. Mwanzo bure, tamu ikikolea unaambiwa utume pesa. Sina ugomvi na kazi hiyo, na wapo humo vijana wanaojua kumning'iniza msomaji mpaka alfajiri. Lakini wakifika kwenye maisha ya matajiri, hasa namna tajiri anavyoishi na watu, hadithi inakatika mguu.

Tajiri wao hana jamaa. Ana mke, ana mtoto mkaidi, ana binti mwenye kijicho, ana mlinzi getini. Wanakula kwenye meza ya watu ishirini wakiwa wanne, kimya, kijiko kinasikika. Mimi meza hiyo sijaiona. Huku kwetu mali inavuta watu kama taa inavyovuta kumbikumbi. Chumba cha nyuma yupo shangazi aliyefiwa na mume. Chumba cha juu yupo mtoto wa binamu kutoka Wete, amekuja kusoma skuli mjini, mwaka wa tatu huu na hakuna anayemuuliza anarudi lini. Alasiri huingia bi mkubwa fulani aliyemnyonyesha baba mwenye nyumba, na tajiri mwenyewe, simu ikiwa sikioni, huinuka kumbusu mkono. Mwandishi akiwafuta watu hawa anafuta hadithi yenyewe, kwa sababu siri zote ziko kwao.

Nianze na ofisi yangu, maana hapo ndipo wanapoharibu zaidi. Sehemu ya 30 na kitu, mzee amekufa. Wakili mwenye suti anafungua bahasha: mali yote apewe mke mdogo, na Faris, yule mtoto mkaidi, asipate hata senti. Faris anatoka nje, mvua inamnyeshea.

Faris, rudi ndani ukae. Muislamu wa hapa hawezi kumnyima mtoto wake urithi kwa bahasha. Wasia haupiti thuluthi ya mali, na mrithi haandikiwi wasia ila warithi wenzake waridhie. Kilichobaki kimeshagawiwa katika Suratun Nisaa, na Kadhi hamuulizi marehemu alimpenda nani. Kwanza zinatoka gharama za maziko, halafu madeni, halafu wasia kama upo, ndipo warithi wanapoangaliwa. Na hapo kwenye madeni ndipo mtu anapojua tajiri alikuwa nani. Makontena yaliyo bandarini yamelipiwa nusu, nusu nyingine anadai mtu wa Dubai, na hakuna nyumbani aliyejua.

Tuseme madeni yamelipwa. Mzee ameacha mama yake, mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Gawa mali vipande 120. Mke anachukua thumuni, yaani moja ya nane, vipande 15. Mama wa marehemu anachukua sudusi, yaani moja ya sita, vipande 20. Vilivyobaki ni 85, mwanamme hisa mbili na mwanamke hisa moja: kila kijana 34, binti 17. Sasa tazama. Yule mama mkwe ambaye kwenye hadithi kazi yake ni kukunja uso na kuangusha vikombe, ana vipande 20, na mke aliyekaa na mzee miaka thelathini ana 15. Wakitokea wake wawili, hizo 15 wanagawana. Nyumba ni moja, na wote wamo ndani yake. Hiyo ni vita ya sehemu mia, na hakuna haja ya kumtia mtu sumu kwenye juisi. (Hesabu hii ni ya Kisunni, kwa Mashia Ithnaashari mambo mengine yanabadilika, na mwandishi anayeweka familia yake kwao aulize kwao.)

Kinachonichekesha ni kwamba bahasha hiyo hata Uturuki haifanyi kazi. Uturuki ilichukua sheria ya madai ya Uswisi mwaka 1926, na mpaka leo mtoto ana fungu lililolindwa ambalo mzazi halifuti hivi hivi. Korea Kusini nayo ina ulinzi wa namna hiyo kwa watoto. Baba anayemkata mtoto wake kwa mstari mmoja ni wa Uingereza na wa Marekani zaidi, na ametufikia kwa kupitia tamthilia za watu ambao sheria zao zenyewe hazimtambui.

Mzee akitaka kweli kumpendelea mtu, njia anazo, na ni chafu kwa uzuri. Anaweza kutoa hiba, yaani zawadi, akiwa hai. Lakini hiba haitimii mpaka kitu kikabidhiwe, na ile anayotoa mtu akiwa katika maradhi ya mauti hutazamwa kama wasia. Kwa hivyo ugomvi unakuwa hivi: mzee alisema mbele ya watu kwamba nyumba ya Kiembesamaki ni ya mke mdogo, ila funguo alibaki nazo yeye, na kodi ya wapangaji aliendelea kuipokea yeye. Je, alikabidhi? Na siku aliyosema alikuwa mzima, au alikuwa ameshaanza kulishwa kwa mkono? Majibu anayo yule shangazi wa chumba cha nyuma, mliyemfuta.

Na kuna wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu na waliozijenga. Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Mjukuu aliyekuja na mwekezaji na michoro ya hoteli anaambiwa nyumba si yake, si ya baba yake wala si ya babu yake, ingawa ukoo mzima umezaliwa humo. Katika hadithi za mashabiki sijakutana na wakfu hata siku moja, nami nakutana nao kazini kila mara.

Mengine nayapitia mbio. Msafara wa magari meusi hausimami mbele ya mlango wa nakshi wa Kiponda. Gari haliingii kwenye kichochoro kile, hata la waziri. "Bilionea wa karafuu" anayesafirisha gunia zake mwenyewe kwenda Dubai kwetu anaitwa mfanya magendo, kwa sababu mnunuzi wa karafuu kisheria ni shirika la serikali, ZSTC. Na ukoo ulioshikilia jumba na mashamba vizazi saba bila kutikisika una swali la kujibu: 1964 walikuwa wapi? Baada ya Mapinduzi mashamba na majumba mengi yalichukuliwa, ardhi ikawa ya umma, watu wakatawanyika Oman, Dubai na Uingereza. Tajiri wa leo wa Unguja aghalabu mali yake ni changa kuliko sofa lake.

Harusi. Hapa wanaandika kwa moyo wote, na hapa wanateleza kwa moyo wote. Bi harusi kasimama na shela jeupe, sheikh anauliza kama kuna mwenye pingamizi, Faris anavunja mlango. Faris anavunja mlango wa msikiti baada ya alasiri, sawa, atawakuta wanaume wamekaa, walii, mwenye haki ya kumwozesha bi harusi, amemshika mkono bwana harusi, maneno mawili matatu na imekwisha. Bi harusi hayumo. Yupo nyumbani, na idhini yake ilishachukuliwa. Akimbilie basi kwenye sherehe ya wanawake? Mlangoni wamekaa akina mama wa ukoo, wamevaa sare, na hapiti mwanamme wala simu yenye kamera. Ndani zinapigwa taarabu, dhahabu zimetolewa kabatini, udi unafuka kwenye chetezo, na watu mia tatu wanahesabu nani amekuja na nani hakuja. Familia yenye nacho hupimwa hapo, kwenye sinia za biriani zilizofika kwa watu wa shamba waliokaa nyuma kabisa, kwenye nani alipelekewa sare na nani alisahauliwa. Shangazi aliyesahauliwa sare ana uwezo wa kuvunja ndoa ndani ya mwaka, tena bila kupaza sauti.

Hata kukataa kuna adabu zake. Yule mama anayemrushia msichana maskini bahasha ya pesa amwache mwanawe, huyo ni wa Seoul. Hapa washenga wakija na posa isiyotakiwa, wanakaribishwa, wanapewa halua na kahawa, wanaulizwa hali za watu wao wote mpaka wa Mkoani, na baada ya siku kadhaa jibu linapelekwa na mtu mwengine: mtoto bado anasoma. Wote wanajua maana yake. Anayetaka kugombana kisheria, walii ana hoja ya kufu, kwamba muoaji hakulingana na bibi harusi, na neno hilo limeshawaliza wengi katika mji huu. Ni zito kuliko bahasha yoyote.

Msiba nao. Mzee wa kwenye hadithi hukaa mochwari wiki nzima akimsubiri mtoto wa London. Mzee wa hapa akifa asubuhi, mara nyingi jua likizama ameshazikwa, na mtoto wa London atafika kukuta mchanga mbichi. Anaingia nyumbani na begi lake, ukumbini makochi ya bei yametolewa, yametandikwa majamvi, watu wamegawiwa majuzuu wanasoma khitma, na mtu asiyemjua anampa juzuu moja bila kumuuliza ni nani. Mama yake hawezi kumpokea uwanja wa ndege: ameingia eda, miezi minne na siku kumi. Kwenye hadithi mjane anaongoza kikao cha kampuni siku ya tatu, amevaa viatu virefu. Mjane wa kweli anaendesha kampuni hiyo hiyo akiwa chumbani, kwa simu na kwa mtoto wa kiume anayetumwa huku na huku, na anayeruhusiwa kuingia kwake na asiyeruhusiwa ni jambo zito kwelikweli. Mwandishi gani anaacha kitu kama hicho?

Wengine hunijibu kwamba nikiwafungia wahusika kwa mila na sheria hadithi itadoda. Tazameni basi familia tajiri kuliko zote zilizopata kukaa kisiwani. Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alifariki 1856, na watoto wake wakaanza kutazamana. Mwaka 1859 Barghash alimuasi kaka yake Majid, aliyekuwa ameshika utawala, na askari wa Majid wakaizingira nyumba ya Barghash. Dada zao wawili, Khole na Salme, walikwenda usiku na kundi la wanawake, wakasimama mbele ya askari na kudai kuingia. Askari wakaduwaa, nani atawazuia mabinti wa Seyyid Said? Wakaingia, wakamvisha Barghash nguo za kike mpaka yakabaki macho, wakamtia katikati ya wanawake warefu ili kimo chake kisimfichue, wakatoka naye mbele ya bunduki zile zile. Salme, aliyezaliwa 1844 na kujifunza kuandika kwa siri, ndiye aliyekuwa karani wa njama hiyo, na ndiye aliyeisimulia kwenye kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani 1886. Angalia kilichoiendesha: stara ya wanawake. Ingekuwa nyumba ya watu wanne wenye meza ndefu, Barghash angekamatwa pale pale.

La mwisho ni mtoto wa kuokotwa, maana hadithi tatu kati ya nne anakuwemo. Analelewa na tajiri kama wake, anakua, anapendana na mtoto wa mwenye nyumba, halafu inagundulika si ndugu na wote wanalia kwa furaha. Kwenye mirathi huyo mtoto hana fungu, wala jina la mlezi halichukui. Hiba anaweza kupewa, na wasia ndani ya thuluthi. Lakini kabla ya kufungisha ndoa, mwandishi ajibu swali moja: alinyonyeshwa na nani? Kama bibi mwenye nyumba alimnyonyesha kabla hajatimiza miaka miwili, manyonyo matano kwa madhehebu ya Shafi, wale wawili ni ndugu wa ziwa na hawaoani milele. Hakuna cheti cha hospitali kinachoandika hilo. Wanaojua ni wanawake waliokuwa wakiingia na kutoka nyumba ile wakati huo, yule shangazi, yule yaya, jirani wa kichochoroni, na kwa Shafi wanne wao wanatosha kuthibitisha. Wawili wameshakufa, wa tatu yuko Muscat, wa nne haongei na bibi mwenye nyumba tangu harusi ile ya sare.