Nguo Iliyotoka Baharini Usiianike

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mzamiaji mzoefu kabisa: "Tuliianika kwanza, isije ikaoza." Akanipa kipande cha sufu kigumu kama ganda la mkate, kimetapakaa unga mweupe wa chumvi. Nilipokigusa tu, ukingo wake ulivunjika.

Jamani, jua ndilo linaloiua. Nguo iliyolala karne tatu chini ya bahari imeshadhoofika ndani ya nyuzi zake, na maji ndiyo yanayolishikilia umbo lake. Yakitoka ghafla, nyuzi husinyaa na kushikana. Chumvi nayo hugeuka fuwele, ikaupasua uzi kutoka ndani. Hata ukiiloweka upya, haiponi. Ukiipata, itie na maji yaleyale ya bahari kwenye ndoo yenye mfuniko, uiweke gizani penye baridi, ila isigande. Usiikunjue, usiipige brashi, tope lake liache. Kwenye maabara tunaitoa chumvi polepole, tukibadilisha maji wiki baada ya wiki hadi kipimo cha chumvi kitulie. Kuikausha ni hatua ya mwisho, na si kwa kamba ya kuanikia.

Wengine husema bahari hula nguo zote. Lakini mwaka 2014 wazamiaji walitoa gauni la hariri kwenye meli iliyozama karibu na kisiwa cha Texel, Uholanzi, katikati ya karne ya 17. Mchanga uliifukia, oksijeni haikufika. Hariri na sufu hustahimili hali hiyo. Pamba na kitani huliwa mapema zaidi, hata tukakuta vazi la sufu limebaki na uzi wa kitani ulioshonea umetoweka.

Kuna na haraka ya kumtaja mwenye nguo. Gauni la Texel lilihusishwa kwanza na Jean Kerr, mwandani wa malkia wa Uingereza, aliyefariki 1643. Baadaye ikabainika kuwa meli ilizama miaka mingi baada ya kifo chake.

Vivyo hivyo suruali iliyotoka kwenye meli ya SS Central America, iliyozama 1857. Ilipigwa mnada 2022 kwa dola 114,000, watu wakinong'ona kuwa ni ya Levi Strauss, kampuni ya suruali za jinzi. Haina nembo ya kampuni hiyo wala ribiti, vile vipini vya chuma vya kuimarisha mishono, na hataza (haki ya uvumbuzi) ya suruali zenye ribiti ilitolewa 1873.